Sura ya Tano: Usikimbie, Usifiche

Msata ni njia panda. Barabara ya Chalinze kwenda Segera inapita hapo ikielekea Tanga na Moshi, na lami ya kilomita 64 inayotoka Bagamoyo inakuja kuungana nayo hapohapo. Palipo na njia panda pana mabasi, palipo na mabasi pana wachoma mishikaki na mama lishe, na palipo na mifupa pana mbwa. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, barabara ni ya mbwa. Wanatoka nyuma ya vibanda wakinusa majivu ya jana, wanavuka wawili wawili. Saa hiyohiyo watoto wanatoka majumbani kwa miguu kwenda shule, sare zimenyooka, fagio mkononi, na wengine hawajatimiza miaka minane.

Hao ni mbwa wa njia panda tu. Ukiingia ndani, kuelekea Kihangaiko au upande wa Kiwangwa kwenye mananasi, utakutana na wengine. Mkulima wa Kikwere ana mbwa wa kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe pori na ngedere. Wafugaji wana mbwa wanaolala kando ya zizi na kumbwekea fisi usiku kucha. Kuna pia mashamba yenye uzio, ya watu wanaoishi Dar es Salaam, ambako mlinzi ameachiwa mbwa na agizo kwamba asiingie mtu. Tabia za mbwa hawa hazifanani. Wa njia panda amezoea watu na anachotafuta ni mfupa. Usipomsumbua, naye ana shughuli zake. Wa zizini amelelewa azuie chochote kinachosogelea mifugo, na mtoto anayekatiza njia karibu na zizi hana alama ya kumtofautisha na mwizi. Wa nyuma ya uzio hamjui mtu ila mlinzi, na siku lango likiachwa wazi ndiyo siku ya kuogopa. Mtoto anaweza kuwapita wote watatu kabla kengele ya shule haijalia.

Na tumemfundisha nini mtoto huyu? Wengi wetu tumemfundisha mambo mawili: akimwona mbwa akimbie, na akishindwa kukimbia aokote jiwe. Yote mawili nataka tuyaache.

Mbwa ni mnyama wa kukimbiza. Kinachokimbia mbele yake humwamshia silika aliyozaliwa nayo, hata kama alikuwa amelala hana habari na mtu. Ndiyo maana hukimbiza hata bodaboda, ambayo akiipata hana la kuifanyia. Hakuna mtoto wa darasa la pili anayeweza kumshinda mbwa mbio. Akikimbia anampa mgongo, anapiga mayowe yanayozidi kumchemsha mbwa, kisha anajikwaa. Akishaanguka, uso na shingo yake viko usawa wa meno.

Jiwe lina hoja yake, na sitaki kuwadharau wanaolitetea. Mbwa wengi wa kwetu wamepigwa mawe tangu udogo wao, kiasi kwamba mtu mzima akiinama tu kama anayeokota kitu, mbwa anaondoka. Lakini mwenye urefu wa mita moja akiinama ameupeleka uso wake kwenye mdomo wa mbwa kwa hiari yake. Isitoshe, mbwa anayerushiwa mawe kila asubuhi na watoto wenye sare hujifunza kwamba penye sare pana maumivu. Kesho atamwahi mtoto mwenye sare aliye peke yake, ambaye labda hajawahi kurusha jiwe maishani mwake.

Badala yake mfundishe asimame kama mbuyu. Miguu imara chini, mikono imeshikana mbele ya tumbo, macho kwenye vidole vya miguu yake mwenyewe, mdomo umefungwa. Asimkodolee mbwa macho, maana kwa mbwa hiyo ni changamoto. Akiwa na andazi au muhogo mkononi auachie uanguke. Mara nyingi mbwa atasogea, atanusa, atazunguka, kisha ataona hapa hapana mchezo wala ugomvi, aende zake. Mbwa akishasogea kando, mtoto arudi nyuma polepole bila kugeuza mgongo, mpaka afike penye mtu au penye mlango. Mbwa akija kwa kasi, begi la shule liwekwe katikati yao, ang'ate begi. Akimwangusha mtoto, basi mtoto alale kifudifudi au ajikunje, magoti kifuani, ngumi zimeziba masikio, viwiko vimelinda uso, na akae hivyo kimya hata kama anahisi pumzi ya mnyama shingoni. Kanada na Marekani watoto hufundishwa mafunzo ya namna hii shuleni, wakiambiwa wawe mti. Sioni kwa nini watoto wa Msata, ambao mbwa wao hawavai mikanda wala hawashikwi na mtu, wakose somo hilo.

Ila kumwambia mtoto maneno hayo hakutoshi. Hofu ikimshika, maneno hupotea na mwili hufanya ulichozoea. Kwa hiyo uzoeshwe. Uwanja wa shule unatosha: mtoto anatembea kutoka goli moja hadi jingine, begi mgongoni, kipande cha muhogo mkononi. Mwalimu, au mwanafunzi wa darasa la saba aliyejifunga kanga kiunoni, anachomoka nyuma ya mwembe akibweka na kuja kwa kishindo. Mara ya kwanza mtoto atakimbia na wenzake watacheka. Waache wacheke, kisha mrudishe aanze upya. Atasimama lakini mikono itapaa hewani, na hiyo mikono ndiyo mbwa huirukia. Arudi tena. Baadaye utayaona mabega yameshuka, muhogo umeanguka wenyewe, midomo inahesabu bila sauti moja mpaka ishirini. Hapo ujue somo limeingia. Zoezi lirudiwe kila muhula, kwa sababu mtoto wa miaka sita husahau upesi, na kwa sababu kila Januari darasa la kwanza linajaa watoto wapya.

Pwani tuna adabu moja inayofanya kazi kubwa hapa, nayo ni hodi. Mtoto anatumwa kwa jirani kuomba chumvi, au kupeleka sahani ya futari. Nyumba nyingi za vijijini hazina lango wala kengele; uwanja umefagiliwa tu, na mpaka wa mji wa mtu unajulikana kwa mazoea. Mtoto afundishwe kusimama njiani, nje ya uwanja, apige hodi kwa sauti: "Hodi! Shikamoo bibi. Mbwa yuko wapi?" Asisogee hata hatua mpaka asikie "Marahaba, karibu, amefungwa." Na mwenye mji naye asione kero kuulizwa swali hilo na mtoto. Amshukuru mzazi aliyemfunza.

Tusijidanganye, hata hivyo, kwamba hatari iko kwa mbwa wa watu peke yake. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba watoto mara nyingi hung'atwa na mbwa wanayemjua: wa nyumbani, wa babu, wa jirani. Ni mbwa waliyemkumbatia jana. Leo wamemkuta anakula, au ana watoto wachanga, au ana kidonda sikioni, au amefungwa mnyororo tangu asubuhi na watoto wanacheza mchezo wa kumkaribia mpaka pale mnyororo unapoishia. Mbwa anayekula, anayelala, anayenyonyesha, anayeumwa na aliyefungwa haguswi. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa yeyote, hata aliyekuwepo nyumbani kabla yeye hajazaliwa, kwa kuwa umri huo haujui kipi kinauma na kipi hakiumi, na urefu wake unaufanya uso kuwa kitu cha kwanza mbele ya mbwa.

Mtoto mkubwa kidogo anaweza kufundishwa kumsoma mbwa. Tunaambiana kwamba mkia unaotikisika ni furaha. Ni kweli ukitikisika kwa ulegevu, mwili mzima ukiyumba nao. Mkia uliosimama wima na kutikisika kifupikifupi, huku mwili umekakamaa, ni onyo. Mbwa anayelamba midomo bila chakula mbele yake, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza uso lakini jicho limebaki kwako mpaka weupe unaonekana, huyo ameshakuomba umwache. Asiposikilizwa ataanza kunguruma. Wenye mbwa wengi humpiga anaponguruma mbele ya mtoto, wakidhani wanamtia adabu. Wanachomfundisha ni kuacha kunguruma. Mbwa wa namna hiyo ndiye wanayesema baadaye kwamba aling'ata ghafla bila sababu.

Katika nyumba nyingi za Kiislamu za ukanda huu mbwa hafugwi, na mate yake ni najisi kwa madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi. Kwa hiyo yuko mtoto anayekua bila kumjua mbwa isipokuwa kama kitu cha kukwepwa. Simlaumu mtu kwa hilo. Ila madrasa zetu zina visa viwili ambavyo ningependa kila mtoto avisikie kabla hajaokota jiwe: kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake kwa tendo hilo, na kisa cha mbwa wa vijana wa pangoni katika Suratul Kahf, aliyelala kizingitini akiwa pamoja nao. Ustadhi anaweza kumfikisha mtoto mahali ambapo mwalimu wa shule hafiki, na yeye ndiye mwenye uzito wa kusema jambo jingine ambalo linagusa uhai. Tunajua kuosha mara saba, moja yake kwa udongo. Jeraha la meno lisiingizwe udongo. Jeraha liende kwanza kwenye maji na sabuni, kisha hospitali, na mambo ya twahara ya nguo na vyombo yafuate kwa wakati wake. Akilisema ustadhi, wazazi watalishika.

Nasema linagusa uhai kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na katika kila kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wote waliupata kwa mbwa. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yalifika vifo kama 1,500 kwa mwaka, mara nyingi zaidi ya vile vilivyokuwa vikiandikwa hospitalini. Wengine hufia nyumbani, wakisemwa wamelogwa au wana mashetani.

Virusi huingia na mate kwenye jeraha, vikapanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua wiki kadhaa hadi miezi mitatu, mara chache hata mwaka. Muda wote huo mtoto anacheza, anakula, anaenda shule. Kidonda kimepona na watu wamesahau. Kisha inakuja homa, kuwashwa au ganzi palepale alipong'atwa, kuhangaika, na koo kukaza akiona maji. Dalili zikishaanza, hakuna dawa. Kabla hazijaanza, chanjo inazuia karibu bila kushindwa. Tumekuwa na uwezo huo tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mjini Paris mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyeng'atwa mara nyingi na mbwa, akaishi mpaka uzeeni.

Uhai wa mtoto basi unategemea jambo moja dogo: aseme. Na watoto wetu hawasemi. Mtoto alitumwa dukani akapitia kwenye maembe ya watu, akang'atwa huko. Alikatazwa kumchezea mbwa wa jirani, akamchezea. Anajua swali la kwanza atakaloulizwa: "Ulikuwa unafuata nini kule?" Na anajua kinachofuata baada ya swali hilo. Kwa hiyo anashusha kaptula ifunike goti, anajipaka mate, ananyamaza. Au ni mbwa mtoto, kidude cha miezi mitatu, amempapura tu mkono kwa jino. Nani atahesabu hilo kuwa ni kung'atwa? Mbwa mtoto huambukiza sawasawa na mkubwa. Mkwaruzo uliotoa damu unahesabika. Kulambwa kwenye kidonda kibichi kunahesabika.

Tunamfunza mtoto asimwogope mbwa kupita kiasi, halafu tunamwachia hofu iliyo kubwa zaidi, ya mama na baba. Ningemwomba kila mzazi anayesoma hapa aketi na watoto wake jioni ya leo awaambie waziwazi: ukiguswa na jino la mbwa, hata kama ulikuwa mahali nilipokukataza, njoo uniambie, na siku hiyo hutapigwa. Kisha atimize. Siku mtoto akija, neno la kwanza liwe "Nionyeshe wapi." Mengine yote yanaweza kungoja wiki.

Kinachofuata hakiwezi kungoja. Mtoto akae karibu na bomba au ndoo yenye kata, jeraha limwagiwe maji na kusuguliwa kwa sabuni ya kufulia ya kawaida kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani. Mtoto analia, jirani anasema inatosha, ndoo inaisha. Ijazwe nyingine. Sabuni huvunja virusi pale pale, kabla havijashika mshipa. Usipake pilipili, chumvi, mafuta ya taa wala majani, na usifunge jeraha kwa kubana. Kisha kituo cha afya siku hiyohiyo. Kwa watu wa Msata njia zipo: Lugoba kuna kituo cha afya, Msoga kuna hospitali, na Bagamoyo ni hiyo lami. Chanjo haikai kila zahanati, kwa hiyo mhudumu wa kwanza utakayemkuta umwombe apige simu mbele kabla hujapanda gari. Chanjo hutolewa kwa dozi: ya kwanza siku hiyo, ya pili siku ya tatu, nyingine siku ya saba, na zaidi kulingana na utaratibu wa hospitali. Akiwa amejeruhiwa vibaya, hasa usoni au mikononi, atahitaji pia dawa ya kinga inayodungwa kwenye jeraha lenyewe. Wazazi wengi humaliza ya kwanza, wakaona mtoto yuko mzima, wakaokoa nauli ya ya pili. Nauli hiyo ikopwe. Mwenye mbwa naye ana wajibu wa kuichangia, na mwenyekiti wa kitongoji ana nafasi ya kulisema hilo.

Na mbwa? Kijiji hukimbilia rungu. Akiwa amekwisha changanyikiwa, anatoa udenda na kung'ata kila kilicho mbele, afisa mifugo aitwe, na watu wakae mbali. Akiwa anaonekana mzima, afungwe mahali salama, apewe chakula na maji, aangaliwe siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa akitoa virusi siku aliyong'ata, na daktari anaweza kuamua kusitisha chanjo ya mtoto. Mbwa aliyeuawa na kufukiwa jioni hiyohiyo hawezi kumwambia daktari lolote. Lakini mtoto aanze chanjo siku ya kwanza. Siku 10 za mbwa zisigeuke siku 10 za kumngojesha mtoto.

Dawa ya kudumu iko kwenye bega la mbwa mwenyewe. Mbwa saba kati ya kumi wakichanjwa, na zoezi likirudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa pa kupita. Pemba wamelionyesha hilo. Mlipuko ulioanza huko mwaka 2010 ulizimwa mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo. Chanjo zilipolegea, virusi vikaingia tena mwaka 2016, na kampeni mpya ikavimaliza mwaka 2018. Watafiti, wakiwemo wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, ambayo ina tawi lake hapa Bagamoyo, walifuatilia mbwa mmoja baada ya mwingine mpaka wakajua nani alimwambukiza nani. Blantyre, Malawi, ambako hospitali kuu ilikuwa ikipokea watoto wanaokufa kwa kichaa cha mbwa, chanjo za mbwa jiji zima zilianza mwaka 2015 zikiambatana na masomo shuleni, na vifo vya watoto vikapungua sana.

Siku ya chanjo kijijini ina hatari yake, na tusiisahau kwa furaha ya kuona foleni ndefu. Vijijini mara nyingi watoto ndio wanaoleta mbwa. Mtoto wa miaka minane anavuta kamba ya katani, upande wa pili kuna mbwa ambaye hajawahi kufungwa shingo maishani, na mbele yao mbwa wengine thelathini wamekusanyika chini ya mwembe wakitazamana vibaya. Mtendaji wa kijiji atangaze mapema kwamba mbwa aletwe na mtu wa kuanzia miaka 14, na kwamba walio na mbwa wakali waende mwanzo, saa moja, kabla ya umati. Mbwa azoeshwe kamba nyumbani wiki nzima kabla ya siku yenyewe. Foleni iwe na nafasi ya hatua tano kati ya mbwa na mbwa. Wadogo wanaotaka kuangalia, na watataka, wakae nyuma ya kamba iliyofungwa mti hadi mti. Cheti cha chanjo kitunzwe pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, kwenye mfuko uleule, maana siku ya kung'atwa ndivyo vitu viwili ambavyo mhudumu wa afya ataviulizia kwanza.